Sura ya Sita: Amri Inayoshuka, Ripoti Inayorudi

Wakala wa msimbo, kwa maana inayotumika katika sura hii, ni programu inayoendeshwa na modeli kubwa ya lugha, yaani mfumo wa akili bandia uliofunzwa kwa maandishi mengi mno hadi ukaweza kuendeleza maandishi mengine kwa namna yenye maana, na ambayo juu ya hapo imepewa vifaa vya kufanyia kazi: hufungua mafaili, huyabadilisha, huendesha majaribio, husoma makosa yaliyojitokeza, na hurudia mpaka ijiridhishe kwamba imefika pale ilipotumwa. Kinachomtofautisha wakala na chombo cha kujibu maswali ni kwamba wakala hutenda, na matendo yake hubaki kwenye kompyuta ya mtu. Kwa kazi ndogo wakala mmoja hutosha. Kazi ikiwa kubwa hukutana na kikomo kiitwacho dirisha la muktadha, yaani kiasi cha maandishi ambacho modeli inaweza kukizingatia kwa wakati mmoja, nacho hupimwa kwa tokeni, vipande vidogo vya maneno. Dirisha likishajaa mafaili, matokeo ya majaribio na mabishano yaliyotangulia, maagizo ya mwanzo hupungua uzito, na wakala huanza kufanya vizuri kazi ambayo hakutumwa.

Dawa iliyopendekezwa mapema ilikuwa kuwagawia mawakala vyeo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, nchini China, walitoa mfumo walioupa jina ChatDev, ambao ni kampuni ya kuigiza ambamo modeli moja huvaa kofia ya mkurugenzi mkuu, nyingine ya mkuu wa teknolojia, nyingine ya mwandishi wa programu, nyingine ya mkaguzi na nyingine ya mjaribu, nazo huzungumza zenyewe kwa zenyewe mpaka programu ikamilike. Mwaka huohuo mfumo wa MetaGPT ulifuata mkondo uleule, ukiwa na meneja wa bidhaa, msanifu, meneja wa mradi na mhandisi, ila badala ya mazungumzo matupu uliwataka mawakala wakabidhiane hati zilizopangwa kwa utaratibu. Baadaye umbo lililoenea zaidi likawa la ngazi mbili: mratibu mmoja anayezungumza na binadamu, kuigawanya kazi na kuituma, na mawakala wadogo wanaopokea vipande, kila mmoja akiwa na dirisha lake safi la muktadha, ambao hufanya walichoagizwa kisha hurudisha muhtasari na kutoweka.

Maandishi mengi kuhusu mifumo hii hukaa sana kwenye amri: namna ya kuandika maagizo mazuri, namna ya kutaja vyeo, idadi ya mawakala wanaofaa. Hoja ya sura hii ni kwamba amri ndiyo nusu iliyo rahisi, na kwamba ugawaji wa kazi husimama au huanguka kwenye ripoti inayorudi, yaani kwenye swali la kile ambacho aliyetuma anakijua baada ya kazi kufanyika. Wasomaji wa Lubumbashi hawahitaji kwenda mbali kulichunguza jambo hilo, kwa sababu mji wao ulijengwa juu ya mojawapo ya mifumo mikubwa ya kukabidhi kazi iliyopata kuwako katika Afrika ya Kati, na kumbukumbu za mfumo huo, pamoja na mapengo yake, zimeandikwa kwa kina.

Kapita

Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini kupitia Rhodesia ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Mwaka uleule wa 1910 ilianzishwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandikisha vibarua, ambayo pamoja na waandikishaji wengine iliwaleta watu kutoka Lomami, Kasai na Rhodesia ya Kaskazini, na katika miaka ya 1920 kampuni ikawafuata hata Rwanda na Burundi. Hivyo tatizo la uratibu lilikuwa kubwa tangu siku za mwanzo: wahandisi Wazungu walikuwa wachache na wa gharama kubwa, vibarua walikuwa maelfu, lugha zilikuwa nyingi, na kazi yenyewe ilikuwa mnyororo ambao kiungo chake kimoja kikilegea vyote husimama, kwa kuwa tanuri haliwezi kungoja madini yaliyochelewa machimboni, wala garimoshi haliwezi kungoja shaba ambayo haijapoa.

Katikati ya pande hizo mbili aliwekwa kapita, jina ambalo Katanga bado inalitumia kwa msimamizi wa kikundi cha wafanyakazi, yule ambaye kwenye mashamba ya pwani angeitwa mnyapara. Kapita alipokea agizo kutoka kwa Mzungu, akaligeuza kuwa kazi ya watu kumi au ishirini, akahesabu waliofika na wasiofika, kisha jioni akaeleza kilichofanyika. Alijua mambo mawili ambayo hakuna mwingine aliyeyajua yote kwa pamoja, yaani agizo lilivyotamkwa na ardhi ilivyokuwa, na thamani yake kwa kampuni ilitokana na kuyaunganisha. Upande wa makazi, idara ya M.O.I., iliyoshughulikia wale ambao lugha ya kiofisi iliwaita wafanyakazi wenyeji, iliweka wakuu wa kambi, ambao wafanyakazi waliwaita tshanga-tshanga, na mikononi mwao zilipita nyumba, posho, shule na nidhamu. Kuanzia mwaka 1928 hivi, kampuni iliposhika sera ya kuwadumisha wafanyakazi kwa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu kuishi na familia zao, ngazi hizo zilikita mizizi, kwa sababu mtu aliyekaa miaka mingi aliweza kupanda kutoka kwenye sururu hadi kwenye usimamizi.

Lugha iliyopitisha maagizo hayo hatimaye ikawa Kiswahili. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye alifanya utafiti Katanga katika miaka ya 1960 na kufundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alieleza katika kitabu chake Language and Colonial Power, kilichotoka mwaka 1986, jinsi Kiswahili kilivyokuja kuwa lugha ya kazi mahali ambapo vibarua wa kutoka kusini walikuwa wameleta mchanganyiko wa aina nyingine, na akavisoma kwa makini vitabu vidogo vya msamiati vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu waliosimamia kazi. Vitabu hivyo vilijaa sentensi za kuamuru: leta, beba, fanya upesi, nyamaza. Mtu aliyevimaliza vyote angeweza kutuma kikundi cha watu kwenye machimbo, lakini asingeweza kuuliza swali la maana kuhusu walichokikuta huko, wala kuelewa jibu endapo angejibiwa. Kwa mtazamo wa mhandisi wa leo huo ni mfumo wenye njia pana sana ya kushuka na njia nyembamba sana ya kupanda, na wembamba huo haukuwa ajali, kwani ukoloni haukuona haja kubwa ya kusikiliza.

Matokeo yake yalionekana Desemba 1941. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepandisha gharama za maisha huku mahitaji ya shaba yakizidi kuongezeka, na wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 Desemba walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, na huko askari walifyatua risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao, akauawa pamoja na makumi ya wengine. Itakuwa kosa kuligeuza tukio hilo kuwa mfano wa hitilafu ya mawasiliano tu, kwa maana lilikuwa tendo la nguvu dhidi ya watu waliodai haki yao, na wakuu walisikia vizuri kilichodaiwa. Hata hivyo kuna jambo la muundo ndani yake lisilopaswa kupuuzwa: vyama vya wafanyakazi Waafrika havikuruhusiwa kisheria hadi mwaka 1946, na mabaraza ya wafanyakazi ndani ya kampuni, ambamo wajumbe waliweza kuzungumzia posho, nyumba na hali ya kazi bila kupitia kwa kapita, yalianza mwaka huohuo, tena yakiwa ya ushauri tu. Njia ya kupandisha habari ilichimbwa miaka mitano baada ya damu kumwagika, na haikuwa pana.

Mahali ambapo habari haipandi, hutafuta mkondo wa pembeni. Mwaka 1965 André Yav, akiandika kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani wa Élisabethville, alikamilisha maandishi marefu kwa Kiswahili cha mji huo yanayosimulia historia yake kama walivyoiona wale waliopika, waliofua na waliofungua milango. Fabian aliyachapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na ufafanuzi. Anayeyasoma sambamba na taarifa za kampuni za miaka ileile hupata taabu kuamini kwamba zinauhusu mji mmoja.

Kile ambacho barua ya kazi inapaswa kubeba

Mawakala wa msimbo hawana njaa, hawana familia kambini na hawagomi, na kila ulinganisho kati yao na vibarua wa Katanga unapaswa kuishia hapo. Kilicho sawa ni umbo la tatizo: anayejua lengo hayuko mahali pa kazi, na aliye mahali pa kazi halijui lengo lote. Maneno machache yanayopita kati yao ndiyo daraja pekee, na kwa bahati mbaya lugha ambayo wengi hujifunza kwanza wanapoanza kutumia mawakala ni ileile ya vitabu vya msamiati: tengeneza, rekebisha, futa, harakisha.

Chukua mfano wa kubuni, lakini wa kawaida kwa mji huu. Kampuni ya usafirishaji yenye ofisi Lubumbashi inataka programu ya kufuatilia malori yanayopakia shaba, yanayovuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia na kuendelea hadi bandari ya Dar es Salaam au Durban. Mratibu anaigawa kazi katika sehemu nne: kusoma taarifa za mizani, kukokotoa ushuru na malipo, kuandaa hati za mpakani, na kuchora ukurasa ambao karani ataufungua asubuhi. Mawakala wanne wanatumwa kwa wakati mmoja. Wa kwanza anaandika uzito kwa kilogramu, kwa sababu mizani hutoa kilogramu; wa pili anasoma uzito kwa tani, kwa sababu bei ya shaba hutajwa kwa tani; wa tatu anaweka kiasi cha fedha kwa faranga, kwa kuwa hati za serikali huandikwa hivyo, ilhali wa nne anaonyesha dola, kwa kuwa biashara ya mji huhesabiwa kwa dola. Kila mmoja ameandika majaribio ya kuipima sehemu yake, na kila sehemu imefaulu. Ripoti nne zinarudi zikisema kazi imekamilika, na hakuna hata moja yenye uongo.

Kosa la namna hiyo lina ukoo mashuhuri. Mwezi Septemba 1999 chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari kilikotumwa, kwa sababu programu ya mkandarasi ilitoa vipimo vya msukumo kwa paundi huku programu ya NASA, shirika la anga la nchi hiyo, ikivisoma kana kwamba ni kwa niutoni. Timu zote mbili zilikuwa za wataalamu. Kilichokosekana ni sentensi moja kwenye mpaka kati yao, na pia mtu ambaye jukumu lake lilikuwa kuuangalia mpaka huo badala ya kuangalia upande mmoja wake.

Kuhusu mahali pa kuweka mipaka hiyo, mwanasayansi wa kompyuta David Parnas alikuwa ameonyesha mwaka 1972 kwamba programu haipaswi kugawanywa kwa kufuata hatua za kazi, kana kwamba ni mstari wa kiwandani, bali kwa kufuata maamuzi yanayoweza kubadilika, ili kila sehemu ifiche uamuzi mmoja na sehemu nyingine zisihitaji kuujua. Kwa mfano wa malori, kipimo cha uzito ni uamuzi mmoja na sarafu ni uamuzi mwingine, na yote mawili yanapaswa kupewa mwenyewe kabla wakala yeyote hajatumwa. Mratibu mzuri, awe mtu au modeli, hutumia muda mrefu zaidi hapa kuliko anapotuma. Barua ya kazi anayoiandika kwa kila wakala hutaja lengo na sababu yake, mafaili anayoruhusiwa kuyagusa na asiyoruhusiwa, maamuzi yaliyokwisha kufanywa ambayo hapaswi kuyafungua upya, umbo ambalo jibu linapaswa kurudi nalo, na mambo ambayo akikutana nayo anapaswa kusimama na kuuliza badala ya kukisia. Hilo la mwisho husahaulika mara nyingi kuliko yote, na pengine ndilo la thamani kuliko yote, kwa sababu modeli za lugha zina tabia ya kuendelea mbele: zikikuta shimo njiani hulifunika kwa dhana inayoelekea kuwa kweli, kisha hujenga juu yake.

Hesabu ya wengi

Fred Brooks, aliyesimamia ujenzi wa mfumo endeshi wa kompyuta za IBM System/360, aliandika mwaka 1975 katika The Mythical Man-Month kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sababu mojawapo ni ya hesabu tupu. Iwapo kila mmoja anapaswa kuelewana na kila mwingine, watu watano wana njia kumi za mawasiliano, na watu kumi wana njia arobaini na tano. Ngazi ya kapita huliondoa tatizo hilo kwa ujanja mmoja: mawakala kumi wanaozungumza na mratibu peke yake wana njia kumi tu. Lakini njia zilizofutwa hazikuwa bure. Habari ambayo ingepita kati ya wakala wa mizani na wakala wa ushuru sasa inapaswa kupanda hadi kwa mratibu na kushuka tena, na isipopandishwa haitafika.

Miaka saba kabla ya kitabu cha Brooks, mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway alikuwa ametoa wazo ambalo sasa hujulikana kwa jina lake, kwamba kundi lolote linalobuni mfumo litabuni mfumo wenye umbo la mawasiliano ya kundi lenyewe. Wanaopanga mawakala wanapaswa kulichukulia wazo hilo kwa uzito kuliko walivyolichukulia waajiri wa binadamu, kwa sababu binadamu wanaofanya kazi katika jengo moja hukutana kwenye ngazi, hula pamoja, na huambiana mambo ambayo hayako kwenye mchoro wowote wa uongozi. Mawakala hawana ngazi ya kukutania. Mchoro wa mratibu ndio mawasiliano yote yaliyopo, na mapengo ya mchoro huo yatakuwa mapengo ya programu.

Mwezi Juni 2025 mjadala huu ulijitokeza hadharani kwa namna ya kupendeza. Kampuni ya Anthropic ilieleza jinsi ilivyojenga mfumo wa utafiti ambamo wakala kiongozi huwatuma wengine kutafuta habari sambamba, ikasema kwamba mfumo huo ulimshinda sana wakala mmoja katika vipimo vyake vya ndani, lakini kwamba ulitumia tokeni takriban mara 15 zaidi ya mazungumzo ya kawaida, na kwamba maagizo mafupi yasiyo na mipaka yaliwafanya mawakala wadogo warudie kazi ya wenzao. Mwezi huohuo kampuni ya Cognition, inayotengeneza wakala wa msimbo aitwaye Devin, ilitoa andiko lililoshauri kinyume, yaani kutowajenga mawakala wengi kabisa, kwa hoja kwamba kila tendo hubeba uamuzi ambao haukusemwa, na maamuzi yasiyosemwa ya watendaji wawili wanaofanya kazi sambamba hugongana. Ukiyasoma kwa utulivu, maandiko hayo mawili hayapingani sana. Anthropic ilizungumzia zaidi kusoma, na yenyewe ilikiri kwamba kazi nyingi za kuandika msimbo hazigawanyiki kirahisi kama utafiti. Cognition ilizungumzia kuandika. Wasomaji kumi wanaweza kuingia maktaba moja bila kusukumana, ilhali waandishi kumi wa sura moja watapigania kalamu. Hivyo mgawanyo unaoelekea kuwa salama ni kuwatuma mawakala wengi kwenda kuchunguza, kutafuta chanzo cha kosa, kusoma hati na kukagua, na kumwachia mmoja au wachache kazi ya kubadilisha.

Panapokuwa na haja ya kweli ya kuandika sambamba, zana za zamani husaidia. Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, umekuwa tangu mwaka 2015 na uwezo wa kufungua nakala kadhaa za kazi kutoka hazina moja, kila nakala ikiwa kwenye tawi lake, kiasi kwamba mawakala watatu wanaweza kufanya kazi katika mafolda matatu bila mmoja kufuta alichoandika mwenzake. Ila utengano huo hulisogeza pambano mbele tu, kwani siku ya kuunganisha matawi migongano yote hujitokeza kwa pamoja, na Git hutambua mistari iliyogongana, si maana zilizogongana. Kilogramu na tani zitaunganishwa bila onyo lolote.

Ripoti

Mwezi Julai 2025 mfanyabiashara Mmarekani Jason Lemkin alieleza hadharani kwamba wakala wa kampuni ya Replit aliyekuwa akimtumia alifuta hifadhidata iliyokuwa ikifanya kazi, ingawa alikuwa ameagizwa waziwazi asibadilishe chochote, na kwamba baada ya hapo wakala alimwambia data hizo haziwezi kurejeshwa, jambo ambalo halikuwa kweli, kwa kuwa zilirejeshwa. Sehemu ya kwanza ya kisa hicho ndiyo iliyozungumzwa zaidi, lakini ya pili ina somo kubwa zaidi. Kufuta ni kosa la tendo, na makosa ya matendo huzuiwa kwa kunyima ruhusa: kanuni kwamba kila programu ipewe uwezo mdogo kabisa unaotosha kazi yake ilielezwa na wanasayansi wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder mwaka 1975, na wakala asiye na ufunguo wa hifadhidata hahitaji kuombwa asiiguse. Taarifa kwamba haiwezekani kurejesha, kwa upande mwingine, ilikuwa ripoti, nayo iliandikwa kwa sauti ileile ya uhakika ambayo modeli huitumia inaposema kweli.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza mwaka 2025 mifumo kadhaa ya mawakala wengi, ChatDev na MetaGPT zikiwemo, wakaorodhesha aina 14 za kushindwa katika mafungu makuu matatu: ubovu wa maelezo na muundo, kutoelewana kati ya mawakala, na udhaifu wa kuhakiki kazi kabla ya kuitangaza kuwa imekwisha. Mafungu mawili ya mwisho yanahusu habari inayopita kutoka kwa mtendaji mmoja kwenda kwa mwingine, au inayorudi juu. Wakala anayepewa cheo cha mkaguzi si dawa kamili, hasa akiwa ni modeli ileile iliyovalishwa kofia nyingine, kwa maana kile ambacho mwandishi hakukiona kina nafasi kubwa ya kutoonwa na mkaguzi pia. Makubaliano ya wawili waliosoma vitabu vilevile kwa macho yaleyale si ushahidi wa wawili.

Ripoti inayofaa, basi, ni ile inayorudi na kitu ambacho si maneno ya mtoaji wake. Mratibu asiambiwe kwamba majaribio yamepita. Ayaendeshe mwenyewe, au aendeshewe na mashine isiyojali matokeo. Asiambiwe kwamba faili fulani tu limeguswa. Aangalie tofauti zilizotunzwa na Git. Wakala atakiwe kuandika sio tu alichofanya bali alichodhani, alichokiruka na alichokuta kisichokuwamo kwenye barua ya kazi, na sehemu hiyo ya ripoti isomwe kwanza. Katika mfano wa malori, mstari mmoja unaosema kwamba uzito umechukuliwa kuwa kilogramu kwa sababu barua haikutaja kipimo ungeokoa mradi wote, nao hauandikwi usipoombwa.

Lubumbashi huliwekea jambo hili masharti yake. Umeme hukatika, intaneti hugharimu, na tokeni hulipwa kwa dola na watu ambao wateja wao wengi hulipa kwa faranga, hivyo mfumo unaotumia tokeni mara 15 zaidi unahitaji kujitetea kwa faida inayoonekana. Kukatika kwa umeme kuna faida moja isiyotarajiwa: humlazimisha mtu kuwaandikisha mawakala maendeleo yao kwenye faili baada ya kila hatua, ili wakala mwingine aendelee kuanzia hapo mashine ikiwaka tena, na faili hilo huishia kuwa ripoti bora kuliko muhtasari wowote wa mwisho, kwa kuwa limeandikwa wakati kazi ikiendelea. Lugha nayo huleta utata wake, kwa sababu mteja huzungumza Kiswahili cha mji kilichochanganyika na Kifaransa, barua ya kazi huandikwa kwa Kifaransa, na majina ndani ya msimbo huwa ya Kiingereza. Katika kila kivuko kitu fulani huanguka, na asiyekuwapo kwenye mazungumzo ya kwanza hatajua kilichoanguka.

Limebaki swali la nani atakayekuwa mratibu. Kapita wa machimbo aliweza kuitilia shaka taarifa ya mtu wake kwa sababu naye aliwahi kushika sururu. Alijua mwamba wa namna gani huchukua siku mbili na upi huchukua saa moja. Kazi ndogondogo ambazo mawakala wanazimeza sasa, za kurekebisha makosa madogo, kuandika majaribio, kusafisha data, ndizo ambazo mwanafunzi wa École Supérieure d'Informatique Salama au wa Kitivo cha Politeknika cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi angepewa katika mwaka wake wa kwanza kazini, na kwa hizo angejifunza kunusa ripoti iliyooza. Kuwakataza wanafunzi kutumia mawakala hakutasaidia, wala hakuwezekani. Zoezi linaloelekea kufaa zaidi ni kuwapa kazi iliyokwisha kufanywa na mawakala, pamoja na ripoti yake yenye kujiamini na kosa moja lililofichwa kwenye mpaka kati ya sehemu mbili, kisha kuwapimia alama kwa maswali waliyouliza kabla ya kuufungua msimbo.